Usaili Tunaodai Hatuna

Kila panapozuka gumzo kuhusu tamthilia za kigeni za familia zinazohangaika kuwaingiza watoto chuo kikuu, Mnairobi huwa na jibu la mkato: hayo ni ya wenyewe, sisi hatuna intavyu, tuna KUCCPS, idara ya serikali inayogawa nafasi za vyuo. Mtoto anafanya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, alama zinajumlishwa, kompyuta inagawa nafasi, basi. Hakuna profesa wa kukuuliza kwa nini unataka kusomea uanasheria, hakuna baba anayemfunga mwanawe tai kwenye ukumbi wa chuo, hakuna mama anayenong'ona majibu mlangoni. Tunatazama, tunacheka, tunaenda kulala. Mimi naona jibu hilo si sahihi, na kosa lake limeanza kutugharimu. Usaili tunao. Umehama tu kutoka mlango wa chuo ukaenda kwenye lango la chekechea, kwenye tawi la benki na, tangu 2023, kwenye fomu ya ufadhili inayomsaili mzazi kuhusu umaskini wake. Na kwa kuwa tunaapa kwamba haupo, hatujawahi kukaa chini tukauwekea kanuni.

Nalisema sasa, na nina sababu. Januari 2026 kundi la kwanza la mtaala mpya wa umilisi, CBC, liliingia Gredi ya 10, mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, na mambo yakienda kwa ratiba litabisha hodi vyuoni 2029. KCSE tunayoijua tangu 1989 itawafanyisha watahiniwa wake wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 mwaka wa 2027. Kwenye magrupu ya WhatsApp ya wazazi na kwenye vibanda vya chai nimeanza kusikia wazo likirudiwa na watu wenye busara zao: vyuo vyetu vianze kusaili kama Oxford, kwa vile mtaala mpya unapima umilisi, na umilisi hauonekani kwenye karatasi ya mtihani. Wanaopinga wanajibu kwamba hilo litakuwa jambo geni kabisa nchini. Pande zote mbili zinaanzia pabaya.

Nianze na tamthilia yenyewe, maana ndiyo inayosomwa visivyo. SKY Castle ya Korea Kusini, mchanganyiko wa kejeli, vichekesho na msiba, ilianza kuonyeshwa na kituo cha kebo cha JTBC Novemba 23, 2018. Kipindi cha kwanza kilipata kiwango cha utazamaji cha asilimia 1.7. Kipindi cha 20, Februari 1, 2019, kilifika asilimia 23.8, kiwango ambacho tamthilia ya kebo ilikuwa haijawahi kukifikia nchini humo. SKY ni herufi za mwanzo za vyuo vikuu vitatu vinavyoota vichwani mwa wazazi wote wa huko: Seoul National, Korea na Yonsei. Familia za madaktari na maprofesa zinaishi kwenye mtaa wa kifahari wenye lango, na kila nyumba ina mtoto anayenolewa kama kisu cha Idi. Yupo baba, profesa wa sheria, aliyeweka piramidi nyumbani ili wanawe wasisahau kwamba kileleni hukaa wachache. Kumbe binti yake anayejigamba naye, huyo wa Harvard, hakuwahi kusajiliwa Harvard. Hapo watu hucheka, na wana haki. Kinachosahaulika ni kitu kinachotokea mapema kabisa katika hadithi. Mama anayemtafutia binti yake mshauri wa kumwandaa kuingia kitivo cha udaktari hamchagui mshauri. Mshauri ndiye anayechagua. Wazazi wenye pesa zao wanaalikwa na benki, wanakaa wima kama watoto wa darasa la kwanza, wanasubiri kuona nani atapewa kibali cha kulipa. Anayesailiwa ni mzazi. Mtoto ni kielelezo tu kilicholetwa mezani.

Ukishaiona hivyo, huwezi tena kusema ni tamthilia ya Wakorea na mitihani yao. Korea ina njia mbili kuu za kuingia chuo. Moja ni mtihani mkuu wa Novemba, ule ambao ndege huzuiwa kuruka na kutua wakati watahiniwa wanasikiliza sehemu ya Kiingereza. Nyingine hutazama rekodi ya mwanafunzi shuleni, shughuli zake na usaili. Njia hii ya pili ilipanuliwa kwa nia njema kabisa: kumpunguzia mtoto mzigo wa siku moja inayoamua maisha. Miezi michache baada ya tamthilia kwisha, ikawa kana kwamba habari za jioni zinaendeleza kipindi. Cho Kuk aliteuliwa kuwa waziri wa sheria, maswali yakafumuka kuhusu jinsi binti yake alivyopata nafasi chuoni, naye akajiuzulu Oktoba 14, 2019 baada ya siku 35 ofisini. Mkewe, profesa wa chuo, alihukumiwa kifungo cha miaka minne Desemba 2020. Kabla ya 2019 kwisha, wizara ya elimu ilikuwa tayari imevitaka vyuo vikuu 16 vya jijini Seoul viongeze sehemu ya wanafunzi wanaoingia kwa mtihani hadi angalau asilimia 40 ifikapo 2023. Nchi iliyouchoka mtihani iliukimbilia tena mtihani, kwa sababu umma ulikuwa umeacha kuamini kwamba rekodi na usaili vinamsema mtoto na si mzazi.

Hapa mtetezi wa kompyuta yetu anapata nguvu, na hoja yake si ya kupuuzwa. KUCCPS, kama ilivyokuwa kwa bodi ya JAB iliyogawa nafasi kabla yake, haikuulizi baba yako anafanya kazi gani. Haijui lafudhi yako. Msichana wa mji wa mbali wa Lodwar na mvulana wa mtaa tajiri wa Karen wanasomwa kwa alama zilezile, na ingawa hawakufika kwenye alama hizo kwa barabara moja, angalau mwisho wa safari hakuna mtu wa kuvutiwa na kiatu. Isitoshe kuna hesabu. Katika KCSE ya 2024 watahiniwa 246,391 walipata C+ na zaidi, alama ya chini ya kuingia chuo kikuu. Oxford husaili watu takriban 10,000 kila Desemba kwa nafasi zisizozidi sana 3,000, na tangu 2020 inawasaili kwa njia ya mtandao. Nani hapa angekaa na vijana 246,391, dakika ishirini kila mmoja, ilhali wahadhiri wetu hawamalizi muhula bila mgomo? Wanaotaka usaili wa vyuo hawajalijibu swali hilo, na sidhani wamelifikiria.

Hata hivyo, kompyuta haijawahi kuwa mlango pekee, na historia yetu ya kuingia chuoni imejaa madirisha. Mwaka wa 1959, ndege ya kwanza ya wanafunzi ilipoondoka Nairobi kwenda Marekani ikiwa na vijana 81, waliochagua wa kupanda walikuwa watu: mwanasiasa Tom Mboya na wenzake Julius Kiano na Kariuki Njiiri. Barua zilisomwa, majina yakajadiliwa, nani ana nauli na nani hana. Leo tunaisimulia safari ile kama hekaya ya fahari, na ni ya fahari kweli, ila hatusemi kwamba ilikuwa kamati. Mwaka wa 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kikafungua Moduli ya Pili, ile tuliyoiita parallel, na aliyekosa udaktari kwa pointi akaupata kwa hundi. Mlango huo ulidumu karibu miaka ishirini. Uliposinyaa, haukufungwa na mtu aliyeona haya. Matokeo ya KCSE ya 2016 yaliwafikisha C+ watahiniwa 88,929 tu, serikali ikaweza kuwapa wote nafasi, na wateja wa parallel wakayeyuka. Nayataja haya kwa sababu anayesema mfumo wetu ni pointi tupu anazungumzia miaka michache sana ya maisha yake.

Kisha kuna usaili ambao hatuuiti usaili. Nairobi hii mtoto wa miaka minne huvalishwa soksi nyeupe akapelekwa shule ya kibinafsi kuulizwa rangi na hesabu za vidole, na akiwa anapanga vipande vya mbao upande mmoja, upande wa pili mama anaulizwa anaishi mtaa gani, baba anafanya kazi wapi, na lugha gani inazungumzwa nyumbani. Swali la mwisho ndilo lenyewe. Nimewahi kumsikia mzazi, mtu mzima wa ofisi yake, akijibu "Kiingereza" kwa sauti ya mtu anayekana chama. Shule hiyo ndiyo inayolisha shule ya msingi inayosifika, nayo inalisha ya upili, na baada ya miaka kumi na minne KUCCPS inapokea pointi safi zisizo na jasho. Kompyuta haikudanganya. Ilichelewa tu kufika, ikakuta usaili umeshafanyika.

Lakini nimeahidi kuzungumzia fomu, na fomu ndiyo kiini cha makala haya. Mei 2023 serikali ilizindua mfumo mpya wa kufadhili vyuo vikuu. Kwa zaidi ya miaka thelathini mwanafunzi wa serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka, iwe ni mtoto wa katibu wa wizara au wa mchuuzi wa njugu, na vyuo vikazama kwenye madeni. Mfumo mpya ukasema kila familia ilipe kulingana na uwezo. Wazo hilo, nikisema kweli, ni la haki kuliko lile la zamani. Familia zikapangwa kwenye bendi. Kufikia 2024 zilikuwa tano: bendi ya kwanza ni nyumba yenye mapato ya chini ya shilingi 5,995 kwa mwezi, ya tano ni ya zaidi ya 120,000. Ya kwanza familia inachangia asilimia 5 ya karo, ya tano asilimia 40, na kinachobaki kwa kila bendi ni mseto wa ufadhili na mkopo. (Sijui ni nani aliyeiona hiyo 5,995, kana kwamba mwenye elfu sita amekwisha toboa.) Ili ujue bendi yako unajaza maswali mtandaoni: hali ya wazazi, ndugu wangapi wako shuleni, ulisomea shule ya aina gani, nyumba inaingiza nini na inatumia nini.

Nilikuwa saiba moja, duka la intaneti, Githurai nikisubiri kuchapisha karatasi zangu, na kando yangu walikaa mama na mwanawe aliyemaliza kidato cha nne. Mama alikuwa bado na leso ya sokoni kiunoni, vidole vina rangi ya sukuma. Kijana wa saiba alikuwa anajaza kwa kasi ya mtu aliyejaza mia moja kabla ya hiyo. Akafika kwenye mapato. "Mathe, kwa mwezi unaingiza pesa ngapi?" Mama akamtazama kama aliyeulizwa umri wa Mungu. "Mwezi gani, kijana wangu? Mwezi wa mvua ama mwezi wa jua?" Kijana akasema mashine inataka nambari moja. Mama akaanza hesabu kwa sauti: kreti ya nyanya ikipanda Marikiti, kreti ikishuka, zile zinazooza, pesa ya chama, ya kanjo, deni la mwenye mkokoteni. Zamu yake ya kupokea pesa za wanachama wenzake ilikuwa imeangukia mwezi huo. Je, ile ni mapato? Kijana wa saiba akainama, akashusha sauti, akamwambia wengi huandika elfu tano. Mwanawe naye akaunga mkono, macho chini: aandike kidogo, Mum, kidogo tu. Hapo mama akakaza shingo. Akasema yeye amewasomesha watatu kwa meza moja ya mboga, na hawezi kuandika mbele ya serikali kwamba yeye ni mtu wa elfu tano. Watu wa foleni tukacheka. Hata yeye akacheka, ila nambari hakuibadilisha. Walipobonyeza kutuma, akauliza: "Sasa huyo mwenye kusoma atanipigia lini?"

Hayo yote yamo. Maswali, msailiwa, mtoto anayeona haya, fahari ya mzazi inayogongana na faida yake, na pembeni mshauri anayejua jibu linalopendwa. Yule kijana wa saiba ndiye mshauri wetu wa udahili, bila suti na bila jumba la kifahari, kwa ada ya kuchapisha. Tofauti na Korea ni kwamba kule mzazi anasailiwa ili athibitishe ana vya kutosha, na hapa anasailiwa ili athibitishe hana. Tofauti ya pili ni nzito zaidi: hapa anayeuliza hayupo. Mwenye mshahara ana hati ya malipo, nayo inasema nambari moja kila mwezi. Mwenye meza ya mboga ana hadithi, na fomu haina mahali pa hadithi. Matokeo yakawa yale tuliyoyaona 2024, wanafunzi wakilalamika kwamba yatima amepangwa bendi moja na mwana wa tajiri, rufaa zikafunguliwa, maandamano yakatangazwa, na Desemba 20 mwaka huo Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu akauharamisha mfumo huo kwamba unabagua. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Katika kelele zote hizo tulibishana kuhusu pesa, asilimia na bajeti. Ni wachache waliosema kwamba tumeanzisha usaili mkubwa kuliko wote katika historia ya nchi hii, tukaufanya bila msaili.

Sasa niwageukie wanaotaka vyuo visaili, kwa sababu hoja yao bora ni nzuri. Wanasema mtihani humpima mtoto siku aliyoumwa na kichwa. Wanasema tunaye daktari wa A tupu asiyeweza kumtazama mgonjwa usoni. Wanasema kama tumetumia miaka tisa kumfundisha mtoto kuwasiliana, kubuni na kushirikiana, ni upuuzi kumwingiza chuo kwa karatasi isiyopima hata kimoja. Nakubali utambuzi wao wa ugonjwa. Dawa ndiyo ninayoitilia shaka. Nchini Uingereza shule za kibinafsi husomesha karibu asilimia 7 ya watoto, lakini karibu theluthi ya Waingereza wanaoingia Oxford hutoka huko. Kwa haki ya Oxford, lazima niseme si usaili peke yake unaoleta hali hiyo. Shule hizo zina sehemu kubwa zaidi ya watahiniwa wenye alama za juu kabisa, na chuo chenyewe kimejitahidi kutafuta walioachwa nje. Walimu wa huko watakuambia wanatafuta jinsi mtoto anavyofikiri, si anavyozungumza. Ningependa kuwaamini. Lakini kufikiri kwa sauti mbele ya mtu mzima asiyekujua ni desturi ya nyumba fulani. Mtoto aliyezoea kubishana na baba yake mwanasheria wakati wa chakula cha jioni huingia chumbani akiwa ameshafanya usaili elfu moja. Mtoto aliyelelewa kwamba mkubwa akizungumza unatazama chini, ataingia na adabu yake, na adabu hiyo itaandikwa kuwa kukosa kujiamini. Ongeza kwamba usaili utakuwa kwa Kiingereza. Hakuna aliyependekeza vinginevyo.

Kuna mfano wa hapa nyumbani unaonisumbua, kwa sababu unakwenda kinyume na ninachosema. Tangu 2010 ufadhili wa Wings to Fly, wa benki ya Equity na Mastercard Foundation, umewachagua maelfu ya watoto wa shule ya upili kwa usaili wa ana kwa ana, mtoto na mzazi mbele ya kamati. Kamati ni ya watu wa eneo: walimu, viongozi wa dini, watu wa utawala, wafanyakazi wa benki. Haiko mbali na kosa, na kila kijiji kina hadithi yake ya mtoto aliyepita asiyestahili. Lakini mle ndani mama wa mboga angeeleweka. Angeuliza "mwezi wa mvua ama wa jua?" na mtu mmoja mezani angeitikia kwa kichwa, kwa sababu anajua mvua ikinyesha barabara ya soko inakuwaje. Kwa hiyo tatizo si kusailiwa. Ni nani anauliza, anajua nini kuhusu maisha ya anayejibu, na akikosea unamfuata wapi. Kamati ina sura. Ukinyimwa unajua mlango wa kugonga. Fomu ina kitufe cha rufaa, na kitufe hicho kinakurudisha kwenye fomu.

Hoja dhaifu kuliko zote nimeiacha hadi sasa, na nisingeigusa kama isingekuwa na wafuasi wengi. Inasema tamthilia za kuchekesha kuhusu mambo haya ni hatari: zinawafundisha watoto kudharau elimu na wazazi kughushi. Wapo watakaokutajia kwamba Korea kwenyewe, baada ya SKY Castle, kuna wazazi walioanza kuulizia washauri badala ya kuwakimbia. Huenda. Lakini mzazi anayetazama saa ishirini za familia zikiangamia kisha akaomba nambari ya simu ya aliyeziangamiza hakuharibiwa na televisheni. Tena sisi ndio wa mwisho kudai hivyo. Taifa hili limelelewa na Vioja Mahakamani, vichekesho vya televisheni vya kesi za mahakamani. Mahakama ilikuwa pahali pa kutisha, lugha yake ngeni, na kwa miaka mingi watu walioketi mbele ya televisheni ya jirani walijifunza kwa kicheko kwamba mshtakiwa huulizwa kama anakubali au anakana, kwamba shahidi huapa, kwamba kiongozi wa mashtaka naye hujikwaa. Sijasikia mtu aliyeiba kuku kwa sababu ya kipindi hicho. Waliojua kusimama kizimbani bila kutetemeka sana, hao wapo.

Ndiyo maana ningependa waandishi wetu wa tamthilia waache kulalamika kwamba Kenya haina usaili wa chuo wa kuandikia. Wakae saiba Jumatatu moja msimu wa maombi. Waandike nyumba mbili za ploti moja pale Umoja, moja ya karani wa kaunti mwenye hati ya malipo na mikopo minne inayomla hadi anabaki na nauli, nyingine ya fundi wa bodaboda asiye na karatasi yoyote na anayepata mara mbili ya karani mwezi ukiwa mzuri. Karani anaangukia bendi ya juu. Fundi anaangukia ya chini. Watoto wao wanapanda matatu moja kwenda chuo kimoja, na mama zao wanachota maji kwenye mfereji mmoja wakisalimiana kwa tabasamu la meno ya mbele tu. Hapo pana vichekesho vya vipindi ishirini, na hapana mhusika mwovu hata mmoja.

Kwa watunga sera, jambo liko karibu kuliko 2029. Tayari mtoto aliyepelekwa Gredi ya 10 hakupimwa kwa mtihani mmoja: asilimia 60 ilitoka KJSEA, mtihani wa Gredi ya 9, 20 kwenye tathmini ya Gredi ya 6, na 20 kwenye tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, ambazo mwalimu ndiye hukaa na karatasi. Hiyo 20 ya mwisho ndiyo rekodi ya Kikorea, ingawa bado changa. Leo haijawa bidhaa kwa sababu wazazi wengi hawajaielewa. Wataielewa. Siku itakapotamkwa kwamba vyuo vitazingatia kabrasha la kazi za mwanafunzi au mazungumzo naye, mjini kutakuwa na vibao vya washauri kuanzia Westlands hadi Kasarani kabla jua halijatua, na mwalimu wa Kitui mwenye wanafunzi themanini darasani atatakiwa kuandika ripoti ya kila mmoja ishindane na ya mtoto aliyeandikiwa na kampuni. Kama usaili wa vyuo lazima uje, basi uje kwa kozi chache zinazohitaji mtu kuonekana, kama udaktari na ualimu, maswali yake yatangazwe mapema, mtoto aruhusiwe kujibu kwa Kiswahili, na matokeo yake yasizidi sehemu ndogo ya alama. Pointi zibaki kuwa mgongo, pamoja na dhambi zake zote tunazozijua.

Na ule usaili ambao tayari upo, wa bendi, usingojee 2029. Familia ionyeshwe ni jibu lipi lililoipandisha au kuishusha. Rufaa isikilizwe na watu, kwenye kaunti, na anayekata rufaa aruhusiwe kufika na mwenye mkokoteni anayemdai kama shahidi. Hilo litagharimu pesa na litachelewesha mambo. Lakini kabla hata ya hapo kuna rekebisho lisilohitaji bajeti, mpanga programu mmoja analimaliza kabla ya chai ya saa nne: pale penye kisanduku kimoja cha mapato, viwekwe viwili, cha mwezi wa mvua na cha mwezi wa jua.